Shilingi Isiyo na Simba

Nyie mliokulia Temeke enzi za Kingi, mfalme wa Waingereza, mtanielewa. Wengine nisameheni tu, maana hasira hii ni ya miaka mingi na bado haijapoa. Sie pesa yetu ilikuwa na sura na sauti. Shilingi upande mmoja ina kichwa cha Kingi, upande wa pili simba na milima. Ukimpa mtu, anaigeuza, anaipapasa kwa dole gumba, halafu anaidondosha kwenye jiwe asikilize. Ikilia nyembamba na ndefu, ni nzima. Ikilia "pwa", ni bandia, jitayarishe kwa matusi. Wajukuu zangu pesa hawaioni wala hawaisikii. Wanabonyeza simu, eti wamelipa!

Mama alikuwa anauza vitumbua Keko, karibu na karakana ya maseremala. Baba alikuwa mmoja wa mafundi hao, mtu wa kusini, maneno machache. Kila Alhamisi nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga na kumbi la nazi, na mama ananipa na shilingi zake tatu nizisugue pia. Zilikuwa za kuniandikisha shule. "Pesa ya shule haiendi na masizi," alikuwa akisema. Basi nilisugua, jamani, kwa moyo wote! Mbili zilikuwa mpya, zikastahimili. Ya tatu ilikuwa kuukuu. Karibu mwaka mzima nikamfuta simba wa watu, leo mkia, kesho miguu, mpaka pakabaki laini kama mgongo wa kijiko. Iling'aa hiyo! Tukaona tumeipamba.

Siku ya kuandikishwa baba alivaa koti. Karani wa shule, kijana wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi, akatupa mbili mkebeni bila kuziangalia. Ya tatu akaigeuza.

"Simba yuko wapi?"

Baba akamwomba aidondoshe, asikilize. Hakutaka. Akasema shilingi iliyolika namna ile anaipokea kwa thumuni, yaani senti hamsini, na tulete thumuni nyingine kabla ya saa sita. Tulikimbia mpaka Keko, baba akaazima kwa fundi mwenzake. Tukarudi tunahema, tukakuta daftari limefungwa. Nafasi zimejaa, njooni mwakani. Na pesa yetu? Akaturudishia shilingi mbili na thumuni, ile isiyo na simba akabaki nayo. Kwani si ndicho alichopokea? Loo! Baba akatazama kiganja chake, akanishika mkono, tukaondoka. Nililia njia nzima.

Wiki haikuisha, bwana karani huyo akaja kwa mama kununua vitumbua vya senti thelathini. Hakumjua mama. Akatoa shilingi akasubiri chenji. Nikaiona. Nitaachaje kuijua, niliyoisugua mwenyewe? Nikamvuta mama khanga, na yeye alikwisha kuiona.

"Hii ya ngapi, bwana?"

"Shilingi, mama."

"Mbona simba simwoni?"

"Simba wa nini? Sikiliza mlio wake!" Akaidondosha mwenyewe kwenye figa. Ikalia nyembamba, ndefu, mafundi wote wakageuka.

"Nimesikia," mama akasema. "Na nyie mmesikia? Hii ndiyo shilingi ya mwanangu uliyoipokea kwa thumuni."

Baba akaweka patasi chini, akasimama. Karani akaacha vitumbua, akaacha shilingi, akaondoka upesi upesi, na mafundi wakamzomea mpaka akapotea kwenye kona.

Basi, mnadhani nilipata shule? Thubutu! Nilianza mwaka uliofuata, mrefu kuliko darasa zima, watoto wakaniita Shangazi. Kwenye nafasi yangu alikaa mtoto mwingine, na simlaumu.

Nazikumbuka siku zile. Nakumbuka harufu ya vitumbua na maranda ya mbao, na watu kuacha kazi zao kumsikiliza mama yangu. Leo ukidhulumiwa unaambiwa mtandao una tatizo, subiri, na hakuna hata wa kumzomea. Wajukuu nikiwasimulia wanaangua kicheko pale karani anapokimbia. Mie sichekagi. Thumuni yetu tuliipata. Mwaka wangu sikurudishiwa.