Buffalo: Jamaa anazimia kwenye kitanda cha kuuza plasma na juisi anaikataa

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Ninachosimulia nimekiona kwa macho haya mawili. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwa wasiojua: huku Marekani kuna center unakwenda, wanakutoboa mkono, damu inapita kwenye mashine, mashine inachuja yale maji ya damu yanayoitwa plasma, halafu damu iliyobaki inarudishwa mwilini mwako. Plasma inakwenda kutengenezewa dawa. Wenyewe wanasema "unachangia". Lakini ukitoka unawekewa hela kwenye kadi, sasa sijui mchango gani huo. Tuseme tu unauza.

Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi Louisville. Siku hiyo jiandae kukaa sana. Wanataka kitambulisho, uthibitisho wa unapoishi, wanakupima uzito, presha, wanakuchoma kidole, wanakagua mikono kama una alama za sindano, na damu inapelekwa kupimwa ukimwi na homa ya ini. Maswali ni mengi na mengine ya aibu.

Sindano ni nene wakuu, nisiwadanganye.

Lakini kilichonishtua ni rangi. Nilidhani nitaona kitu chekundu. Nikaona chupa inajaa kitu cha njano, kama mafuta ya kupikia! Nikadhani naumwa siku nyingi bila kujua. Dada wa zamu akacheka, akasema ni ya kawaida, tena nzuri.

Mwishoni wanakurudishia maji ya chumvi. Yanaingia ya baridi. Unatetemeka mpaka meno yanagongana, na nje ni kiangazi.

Nikahamia Columbus kwa kazi, huko nako nikaenda. Nilichokiona ni watu wetu kujificha. Kuna Mkenya mmoja mhasibu, jumapili tunakula naye pilau, siku hiyo tumelazwa vitanda vinavyotazamana. Akanisalimia kwa Kiingereza kama hatujawahi kuonana. Na mimi nikavuta kofia. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Sasa twende Buffalo, ndiko kwenye kisa chenyewe.

Hapa naishi West Side, nyumba ya mbao ya zamani, napanga na mzee mmoja Mkongomani wa Kivu. Tumwite Papa Furaha. Anafanya kazi warehouse kama mimi. Mtu mpole, mcheshi, mpishi wa sombe, yaani kisamvu, hatari. Mke wake, Mama Furaha, na binti yao bado wako kambi ya wakimbizi Burundi, kesi yao ya kuja huku imekwama muda mrefu. Kila shift ya ziada anachukua kwa ajili yao.

Shift za ziada zilipokatwa akaniuliza kuhusu plasma. Nikampeleka, nikamweleza kila kitu: ule vizuri, mayai, maharage, nyama, na maji unywe mpaka uchoke. Mara za mwanzo alikwenda salama kabisa. Akawa ananitania, huku ananiita Petit, yaani mdogo wake, "Petit, mu mwili yangu muko kisima."

Shida ikaja wiki ambayo kanisa lake lilitangaza mfungo. Mchungaji wao, ambaye hata mimi namfahamu, aliwaambia waumini wafunge mpaka jioni, bila chakula wala maji, kuombea familia zilizobaki makambini. Mnaona wenyewe. Papa Furaha angekosaje kufunga?

Tatizo ni kwamba hakuniambia. Asubuhi nilikuwa nimelala, nikadhani amekunywa chai kama kawaida. Pale center kwenye skrini wanauliza kama umekula. Akajibu ndiyo.

Tukalazwa vitanda jirani. Haikuchukua muda nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo.

"Petit, kinywa inanichezacheza."

Nikageuka. Wakuu, uso ulikuwa umebadilika rangi kama jivu. Jasho linamtiririka, macho yanakwenda juu. Mashine yake ikaanza kulia. Nikapiga kelele, dada wa zamu akaja mbio, akasimamisha mashine, akanyanyua miguu ya Papa Furaha juu, akamwekea kitambaa cha baridi shingoni.  Na mimi siwezi kuinuka, nina sindano!

Akazinduka. Dada akamletea juisi na mrija, akamwekea mdomoni.

Papa Furaha akafunga mdomo.

"Kunywa!" nikamwambia.

"Hapana. Niko nafunga."

Nilidhani anaweweseka. Nikamuuliza amefunga tangu lini. Akasema ni siku ya tatu, kila siku mpaka jioni.

"Donc nikikunywa, nimevunja. Mama Furaha atabakia kule sababu ya mimi. Hapana."

Dada anauliza kwa Kiingereza huyu anasema nini, mimi natafsiri. Akasema asipokunywa anaita ambulance sasa hivi. Papa Furaha kasikia neno ambulance, ambayo huku bili yake ni balaa, machozi yakamtoka, lakini mdomo bado kafunga. Niliogopa sana, wakuu. Niliona nitampigia simu mke wa mtu kumwambia mumewe amekufa akiwa anauza maji ya damu.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa chumba.

"Papa Furaha! Kunywa!"

Kulikuwa na mtu pale ambaye sikuwa nimemwangalia, kofia mpaka kwenye nyusi, barakoa usoni. Akashusha barakoa. Sindano mkononi, chupa yake ya njano karibu inajaa.

Mchungaji!

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Papa Furaha akamgeukia, akauliza swali moja tu.

"Pasta, ulikula?"

Mchungaji akajibu:

"Nilikula, papa. Mayai. Hii kazi haifanywe na njaa. Heating ya kanisa, ile ya kufukuza baridi, bon, iko inalipwa na huu mukono, na sikuambia mutu. Haya ni kosa yangu, haiko yako. Mungu hawezi kuacha Mama Furaha sababu ya juisi. Kunywa."

Papa Furaha akanywa. Alikunywa analia, kifua kinapanda na kushuka, dada anamshikia kikopo.

Jumapili mchungaji alisimama mbele ya kanisa akasema yote mwenyewe. Baadhi ya waumini wamehama kanisa. Papa Furaha hakuhama.

Jioni ya siku ile aliyozimia alimpigia mke wake, tukiwa jikoni, simu kaiweka loudspeaker. Akamwambia amevunja mfungo, akamwambia na ile hela aliyomtumia karibuni ilitoka wapi. Nilitamani nitoke, nikashindwa.

Mama Furaha akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Papa Furaha, mimi niko nangojea mutu. Siko nangojea feza. Ukikufiya huko, nitakuya kwa nani?"

Papa Furaha hajarudi tena kule center. Mimi bado sijaamua, nisiwe mnafiki.

Nilichojifunza: ukiamua kwenda, kula, kunywa maji, na usidanganye kwenye yale maswali. Umefunga, baki nyumbani. Ukiona midomo inawasha au kizunguzungu, ita mtu, usijikaze kisabuni.

Mliowahi kulala kwenye vile vitanda, leteni yenu hapa chini, nasoma zote. Na wewe uliyeko nyumbani ambaye mwezi huu umepokea hela kutoka huku, niambie: umewahi kumuuliza anazitoa wapi?