Vipepeo Waliokuja Maombini

Niliteleza kwenye matope hapa mtaani Pioneer nikateguka kifundo cha mguu, na daktari akaniambia nikae. Basi nikakaa. Mzee anayetufyekea nyasi alikuwa amekwenda kwao kuvuna mahindi, na kiwanja cha nyuma kikaota mpaka magotini. Mimi niko kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kreti ya soda, sina la kufanya ila kutazama nyasi. Ndipo nikawaona.

Ni wale vipepeo wadogo wa kahawia ambao watu huwapita kila siku bila kuwatazama. Asubuhi, kwa baridi yetu, hawatoki mpaka jua lipande. Wakitoka wanaruka chinichini, hatua hatua, kama mtu aliyevaa gambuti zisizo zake. Wakitua wanafunga mabawa, na kwenye mabawa kuna viduara kama macho, mpaka unahisi unachunguzwa. Jike hutaga mayai kwenye majani ya nyasi. Kiwavi ni wa kijani, mvivu mchana, mlafi usiku. Akishakula vya kutosha hujining'iniza kichwa chini, akawa kifuko. Maua hawana haja nayo sana. Niliwatupia ndizi zilizooza, wakazinyonya mpaka wengine wakashindwa kuruka sawasawa.

Mama akaja kutoka kijijini Ainabkoi kuniuguza. Aliweka mezani kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akafungua mlango wa nyuma, akashika kiuno. Mama akishika kiuno, jiandae.

"Kwani hapa mlihama?"

"Ni vipepeo, Mama. Watoto wao wanakula hizo nyasi."

"Hata ng'ombe wangu anakula nyasi, na ananipa maziwa. Hawa wanakupa nini?"

Akina mama wa kanisa walikuwa waje kuniombea Jumatano, na yeye hakuwa tayari kuaibishwa. Akaazima panga kwa jirani, akaanza kufyeka. Nilimwita kutoka kitini. Hakusikia, au alisikia. Alipofika katikati akainama, akakaa vile vile mpaka nikadhani mgongo umemshika.

"Kuja uone!" akaniita, amesahau kabisa nina mguu mbovu.

Nikajikokota kwa magongo. Kipepeo alikuwa anatoka kwenye kifuko chake, mabawa yamekunjamana. Mama alimtazama kwa huruma.

"Maskini. Amezaliwa na nguo haijapigwa pasi."

Tukasimama pale mpaka mabawa yakanyooka. Panga halikufanya kazi tena siku ile. Kiwanja kikabaki nusu, kama kichwa cha mtu aliyemtoroka kinyozi.

Jumatano wageni walikuja. Mama aliwapangia viti upande uliofyekwa, akawapa chai na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwenyekiti wao, mama wa mwili mkubwa mwenye sauti ya kufika barabarani, alimeza ndizi yake, akanyoosha mkono juu yangu, akaanza kuomba.

"Kila kinachomsumbua mgonjwa huyu, kiondoke!"

Kipepeo akatua kwenye kidole chake, penye utamu wa ndizi. Mwenyekiti akafungua jicho moja. Maombi yakapunguza mwendo.

"Kiondoke," akarudia, akitikisa kidole. Kipepeo alikuwa anakunywa, hakuondoka. Mtu wa nyuma akacheka kwa pua.

"Usimguse!" Mama akadakia. "Huyo haumi. Anatafuta ndizi."

"Amina," mwenyekiti akasema haraka.

Chai ikapoa, maana Mama alianza kuwafundisha. Yote niliyomweleza siku zile, huku akiniitikia kwa kugeuza macho, sasa aliyatoa kama vile alizaliwa nayo. Akaongeza na yake.

"Dume ni kuzunguka tu hapa na pale. Jike ndiye anafanya kazi."

Akina mama wote wakaguna kwa kukubali. Mmoja alipotaka kupita kwenye nyasi kwenda chooni, Mama akamzuia kwa mkono.

"Pita upande ule. Huku kuna watoto."

Mguu ulipona, Mama akarudi nyumbani. Juzi Baba akanipigia simu, na Baba si mtu wa kupiga simu.

"Mama yako amezungushia kamba nyasi za nyuma ya stoo, ndama asipite," akasema. "Mlimlisha nini huko mjini?"

Kabla sijajibu nikasikia sauti ya Mama nyuma yake, ikimwambia aongee polepole, jua bado halijatoka, wamelala.