Taa Nyekundu Aliyoing'oa Valentin

Kati ya Sake na Mubi hakuna shofere aliyejisifu kama Valentin. Mutu wa Butembo, shule aliacha katikati, lakini ukimusikiliza utazani gari ni yeye aliizaa. Kumbe kile alichoifanyia Land Cruiser ya Mama Kaswera, hata mbuzi isingekifanya.

Kwenye tablo, pale mbele ya usukani, kulikuwa taa moja nyekundu yenye picha ya betri. Ukizungusha ufunguo inawaka. Mashini ikishika inazima. Valentin akaiona ni mvivu, inalala safari nzima. Akaing'oa, akaiunga kwa waya mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyokaa mule mu gari, imumulike Mama wa Mungu. Abiria wakasifu. Kichwa kikamuvimba.

Juma hilo betri ilikufa Masisi, ikakufa Walikale, abiria wakasukuma gari mu matope. Ilipokufa mara ya tatu, mbele ya duka la Kaswera palepale Mubi, mama alinyoosha mukono: alete ufunguo, gari apewe shofere mwingine, Guylain. Valentin akaapa kosa ni la Annonciata, mekanisie aliyefunga alternateri, ile mashini ya kujaza betri.

Annonciata akaitwa. Hakufungua hata kapo, kile kifuniko cha mashini. Alizungusha ufunguo, akakodolea tablo macho.

"Papa Valentin, taa nyekundu iko wapi?"

Valentin akaonyesha Bikira kwa kidevu.

Annonciata akashika mudomo. Akawaeleza kwamba mu gari ya zamani kama hii, umeme kidogo wa betri unapita ndani ya ile taa na kwenda kuamsha alternateri. Ikiisha kuamka, nayo inatuma umeme wake upande wa pili wa taa. Nguvu zikilingana, taa inazima. Gari za leo ziko na ordinateri, ile kompyuta ya kuamsha yote, taa inabaki ya kuonya tu. Hii haina; bila taa, alternateri inalala na betri haijazwi.

Valentin akageuka, akaitazama ile taa mbele ya Bikira. Miaka kumi na mbili ya usukani, na ile mvivu njo ilikuwa inamulisha. Kusema ni abiria waliiunga pale kulikuwa rahisi. Mukono wa Kaswera ulikuwa ungali hewani, unangoja ufunguo.

"Ni mimi niliitoa, Mama. Annonciata hana kosa."

Kaswera alimutazama kama mutu aliyeona ng'ombe ikipanda muti. Annonciata akarudisha taa mahali pake, wakasukuma, mashini ikashika, taa ikazima. Ndipo mama akashusha mukono mutupu.

"Enda. Ukigusa tena kitu mu hii tablo, utasukuma mizigo kwa chukudu ya mbao mpaka uzeeke."