Sahani ya Baba

Muuguzi alinawa mikono baada ya kunitoa damu ya kupima ini, na harufu ya sabuni ya mawese ikanirudisha utotoni, mjini Kindu, wakati wa vita.

Baba aliugua ini, macho yakawa manjano. Nyanya, mama yake, alimtengea sahani ya bati, naye Baba akawa anakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, peke yake nyuma ya nyumba.

"Musikule naye, atawaambukiza," nyanya alituonya.

Lakini wembe ulikuwa mmoja. Kila Jumamosi Baba alijinyoa ndevu, kisha akatupaka povu la sabuni hiyo ya mawese watoto wote na kutunyoa vichwa. Hapo tu ndipo mikono yake iliporuhusiwa kutugusa.

Nilimsimulia muuguzi habari ya sahani.

"Kukula pamoja haina shida, mama. Huu ugonjwa inapita mu damu. Mulikuwa munatumia wembe moja?"

Nilipapasa kisogo, pale Baba alipokuwa akinishika nisitikisike, asije akanikata.