Mizabibu ya Babu Chini ya Meru

Nilipoolewa kutoka Machame kwenda Umeru, watu wa kwetu waliniambia sitapata shida, maana Kimachame na Kimeru vinakaribiana na migomba ni ileile. Ni kweli. Kitu kigeni nilichokikuta kule kilikuwa mizabibu.

Boma letu lilikuwa juu kidogo ya Makumira. Nyumba ilizungukwa na migomba, na chini ya migomba kulikuwa na kahawa. Ukiteremka zaidi, upande ambao mvua hupungua, ndipo ulipoikuta mistari ya mizabibu imetambaa juu ya fito. Aliyeipanda ni babu yake mume wangu. Ujanani alimtunzia bustani Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba karibu na Mto Usa. Mgiriki yule alipouza shamba akaenda zake, alimwachia Babu vipandikizi vya mizabibu, pipa moja la mbao, na ujuzi wa kutengeneza divai.

Babu alinipokea kwa utani siku ya kwanza. "Huyu ni mke wangu," aliwaambia wageni. "Mjukuu wangu namwazima tu." Kwa baba mkwe mambo yalikuwa tofauti. Kwa desturi yetu mkamwana hazungumzi ovyo na baba mkwe wake, kwa hiyo neno langu lilimfikia kupitia kwa mama mkwe, na lake lilinijia kwa njia hiyohiyo. Alikuwa mtu wa kahawa na wa kanisa, mzee wa usharika, na ile mizabibu aliiona kama mchezo wa baba yake uliozidi muda.

Mwaka niliojifungua mtoto wa kwanza, macho ya Babu yalikuwa yameingia ukungu. Aliweza kuona mwanga na kivuli, lakini si tawi. Baada ya masika, wakati wa kupogoa ulipofika, aliniita.

"Mke wangu, mume wako yuko mjini na fundi Singasinga anajifunza useremala. Mwanangu akishika kisu huku atakata mpaka shina. Njoo wewe."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikamfuata. Alipapasa tawi kwa vidole mpaka akafika kwenye kile kivimbe ambamo chipukizi hutokea, kinachoitwa jicho. Akaushika mkono wangu akauweka hapo.

"Acha macho mawili, mengine yote ondoa. Usiuonee mzabibu huruma."

Niliuonea huruma sana. Tulipomaliza, mistari ilibaki visiki vitupu, na mama mkwe alipopita na mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama akashika kiuno. "Sasa umeiua," alisema. Nilikaa na hofu mpaka machipukizi yakatoka, na kila asubuhi nilikwenda kuyatazama kabla ya kukamua ng'ombe.

Zabibu zilikuwa bado kijani baba mkwe aliposema, wakati wa chakula, kwamba mavuno hayo yawe ya mwisho. Alitaka kupanda kahawa pale. Babu aliendelea kula, kisha akasema, "Nikifa utapanda unachotaka."

"Baba, si suala la kufa."

"Kwangu ni suala la kufa."

Mama mkwe akaanza kukusanya vyombo.

Wakati ule vita ya pili ya Wazungu ilikuwa imeanza. Wamisionari Wajerumani walikuwa wamechukuliwa na Waingereza, na vitu vingi vilivyokuja kwa meli havikuonekana tena. Jumapili moja mchungaji wetu, Mmeru mwenzetu, alikuja nyumbani baada ya ibada. Alituamkia, akanywa maziwa, akamgeukia baba mkwe.

"Mzee, divai ya Meza ya Bwana imekwisha. Nimeuliza Arusha mjini, nimeuliza mpaka Moshi. Nasikia hapa kwenu kuna zabibu."

Baba mkwe alitazama chini. Mama mkwe aliinuka akaenda jikoni, nikamfuata, na huko tukacheka huku tumeziba midomo kwa khanga. Tuliporudi, baba mkwe alikuwa akisema kwa sauti ndogo kwamba zabibu zipo, na kwamba baba yake ndiye anayejua kazi hiyo. Babu, ambaye hakuwahi kubatizwa, alijibu kwa upole kwamba atafanya, ila asiharakishwe.

Tulivuna mawingu ya vuli yakiwa yameshaufunika Mlima Meru. Mvua ikinyesha juu ya zabibu zilizoiva, zinapasuka na kuoza, kwa hiyo nyumba nzima iliteremka na vikapu. Mume wangu alikuja kutoka mjini. Tulimwaga vichala kwenye hori jipya alilolichonga yeye mwenyewe, Babu akanawa miguu akaingia kukanyaga, amejishika ukingoni. Baada ya muda pumzi zilimwishia. Nilikuwa karibu naye, nikasahau desturi, nikamwambia baba mkwe moja kwa moja, "Baba, msaidie, ataanguka."

Alinitazama. Kisha akavua viatu vyake vya kanisani, akakunja suruali, akaingia. Akamshika baba yake kiunoni, wakakanyaga pamoja, juisi ikiwaruka mpaka magotini.

"Polepole," Babu alimwambia. "Hutwangi kahawa."

"Nifanye hivi?"

"Hivyo."

Tangu siku hiyo baba mkwe alinisalimia na kuzungumza nami mwenyewe, na mama mkwe akasema amepumzishwa kazi ya utarishi.

Divai ilichemka kwenye pipa, ikatoa povu, ikatulia. Mama mkwe, aliyezoea kuonja pombe ya ndizi kila mara, alikatazwa kabisa kufungua, maana pipa likiingia hewa divai hugeuka siki. Ilipokuwa tayari, Babu alionja ya kwanza, akaizungusha mdomoni, akasema tu, "Mgiriki angekunywa."

Siku ya Meza ya Bwana alitaka kwenda, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa kanisa. Nilipotoka aliuliza kama ilikuwa na ukali.

"Sijui, Babu. Ni tone tu, nimelowesha midomo."

"Tone?" Alishangaa sana. "Kazi yote ile, mtu mzima anapewa tone?" Mchungaji alimsikia, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Jioni alikuja nyumbani, Babu akamjazia kikombe.

Babu alifariki kabla vita haijaisha. Baadaye divai ya chupa ilianza tena kuja kwa meli, na kanisa halikuihitaji yetu. Baba mkwe hakupanda kahawa pale. Tuliendelea kupogoa, mimi naye, kisha wanangu nao, na divai tukainywa kwenye harusi zetu. Alikuwa mpogoaji mbaya, mwenye mkono mzito, na nilipita nyuma yake nikirekebisha. Alijua ninafanya hivyo, wala hakuniuliza.