Majina Aliyoyatoa Ajiko

Nyuma ya shamba la Ajiko, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Kocholia, katika nchi ya Wateso karibu na mpaka wa Uganda, kulikuwa na kilima cha mawe, na ndani ya kilima kulikuwa na pango ambalo watu wote wa pale walikuwa wakiliogopa. Waliliogopa kwa sababu ya Ajiko mwenyewe. Ndiye aliyezua habari kwamba mtu akiingia humo, uyoga humwota kifuani.

Habari hiyo aliizua akiwa kwenye foleni ya kinu cha kusaga unga, siku ambayo hasira zilikuwa zimempanda. Asubuhi yake Chifu Emukule na askari wake walikuwa wamempindulia mitungi ya ajono, pombe ya wimbi ambayo Wateso huketi kuizunguka, kila mmoja na mrija wake. Serikali ilikuwa haiitaki pombe hiyo. Ajiko naye, mjane asiyejua kunyamaza, alikuwa hataki kazi nyingine. Basi akaamua kuhamishia pangoni shimo lake la kuvundikia unga, ule ambao baadaye hukaangwa ukawa ajono. Ili asifuatwe, akawaambia wenzake kinuni, kwa sauti ya huzuni, kwamba binamu yake wa Tororo aliingia pango kama lile, na sasa anakohoa vitu vyeupe vyenye miguu.

Habari ikapanda baiskeli ikaenda Malaba. Huko madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka mpaka wakaitia chumvi, wakaipeleka mpaka Busia. Iliporudi, Ajiko alisimuliwa na mwuza sabuni, kwa kiapo, kuhusu mwanamume aliyeotwa na uyoga sikioni hadi akashindwa kuvaa kofia.

"Usiniambie!" Ajiko akasema, mkono mdomoni, akimeza kicheko.

Miaka ikapita. Kila alipotaka kwenda pangoni alijitwika kikapu, akasema anaenda kuokota kuni. Ndani kulikuwa baridi na giza, popo wakining'inia kwenye dari, na unga wake ulitulia shimoni chini ya majani ya mgomba. Akiwa na kibatari chake alizoea kutazama vitu vilivyoota humo. Juu ya kinyesi cha popo palikuwa na ukungu mweupe, mrefu, uliolegea kama ndevu. Kwenye magogo yaliyosombwa na mvua paliota viuyoga laini vya kahawia, vilivyokunjamana. Ukutani palikuwa na kuvu nyeusi, na hata nyenje waliokufa walikuwa wamevikwa utando mweupe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye humo, Ajiko alivipa vitu hivyo majina kwa Kiteso. Ule ukungu mrefu aliuita Ndevu za Omuse, kwa heshima ya mzee wa kanisa. Vile vya kahawia vilikuwa Masikio ya Loise, jirani yake ambaye hakupitwa na neno. Kuvu nyeusi ilikuwa Koti la Ignatius, koti ambalo halikuwa limeona maji tangu mwenyewe alipofunga ndoa. Nyenje waliovikwa utando walikuwa Maharusi. Na kulikuwa na kiuyoga cha mviringo, cheupe, kilichong'aa kibatari kilipokimulika. Hicho kilikuwa Kipara cha Emukule.

Mwaka wa tisini na sita alifika msichana mmoja kwa boda boda, amepakata sanduku la bati. Jina lake Roselyn, mzaliwa wa Namboboto, Msamia, mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi. Akamkuta Ajiko akianika wimbi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kutafuta uyoga."

"Yoga!" Ajiko akaitikia, kwa maana hivyo ndivyo Wateso wanavyosalimiana.

"Ndiyo mama, uyoga."

"Yoga noi!" Ajiko akazidisha salamu, akicheka.

"Nimeambiwa uko pangoni."

Hapo Ajiko aliacha kucheka. Akamvuta mgeni kivulini, akamsimulia habari ya binamu wa Tororo, na safari hii vitu vyeupe vilikuwa na miguu na mabawa. Roselyn alisikiliza mpaka mwisho, kisha macho yakamwangaza.

"Hiyo ndiyo imenileta, mama! Tuliisikia mpaka Nairobi."

Ajiko akaona amejichimbia kaburi. Kumzuia haikuwezekana, maana msichana alikuwa na barua ya chuo na chifu alikuwa amekwisha kumkaribisha. Akaona afadhali ampeleke mwenyewe, ampitishe upande wa mbele, amrudishe kabla hajafika kwenye shimo.

Mlangoni Roselyn alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akampa Ajiko kingine. Ajiko akakifunga shingoni, kama skafu. Wakaingia. Msichana alipiga magoti mbele ya kila kitu kama mtu aliye altareni, akikwangua na kutia kwenye vichupa.

"Hiki mnakiitaje kwa lugha yenu?"

Ajiko akamtazama. Msichana hakujua hata neno moja la Kiteso, na hata chifu alimjua kwa cheo tu. Shetani mdogo akamtekenya mama wa watu mbavuni, akashindwa kujizuia. Akalitaja jina la kwanza taratibu, kwa matamshi ya Kiteso yaliyomficha mwenye jina, mwanafunzi akaliandika kwenye chupa herufi kwa herufi. Akataja la pili, na la tatu. Walipofika kwenye kile cha mviringo kinachong'aa, Ajiko alilazimika kugeukia ukuta na kujifanya anapiga chafya.

Kicheko ndicho kilichomponza. Alipogeuka, Roselyn alikuwa amekwenda mbele na tochi yake, pua juu.

"Mama, kuna kitu kimechacha huku."

Akafunua majani ya mgomba. Wakatazamana. Popo mmoja akapita katikati yao.

"Huo ni unga," Ajiko akasema, kwa sababu hakupata uongo wa haraka.

"Naona. Na hamira ndani yake pia ni kuvu, mama, ndugu wa hawa wengine." Roselyn akaufunika polepole. "Mimi sikutumwa na chifu. Lakini umekuwa ukiingia humu bila kitambaa?"

"Miaka yote. Kwani?"

Msichana akamweleza kwamba katika kinyesi cha popo huweza kuishi kuvu isiyoonekana kwa macho. Mtu akilivuruga vumbi na kulivuta, inaweza kumwingia kifuani. Wengi haiwadhuru, wengine hukohoa, wachache huugua sana.

Ajiko akakivuta kitambaa kutoka shingoni mpaka puani. "Inaota kifuani?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Lakini hiyo niliitunga mimi!"

Alitoka mle karibu akikimbia, kitambaa sasa kikiwa kimefunika mpaka macho. Kwa siku kadhaa alijisikiliza kila pumzi. Alikohoa akila, akakohoa akiomba, akakohoa kila alipokumbuka kukohoa. Mwishowe alikwenda hospitali. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampiga picha, akamwambia mapafu yake ni mazima kuliko ya askari. Kikohozi kikakoma kabla hajafika nyumbani.

Alikuta ujumbe wa chifu: baraza, na watu wote wahudhurie, mgeni ataeleza aliyoyaona pangoni. Ndipo Ajiko akayakumbuka majina. Akamtafuta Roselyn ili amwonye, lakini msichana alikuwa amekwisha kuketi pembeni ya Emukule, vichupa vimepangwa mezani.

Roselyn alieleza vizuri. Alisema pango lile lina aina nyingi za kuvu, kila moja na chakula chake, nyingine zikila magogo, nyingine wadudu, nyingine kinyesi, na kwamba bila hizo uchafu ungejaa mpaka mlangoni. Kisha akasema, kwa fahari, "Na mama mmoja hapa amenifundisha majina ya asili ya kuvu hizi." Akainua chupa ya kwanza na kusoma kwa sauti, kila herufi mahali pake.

Omuse akashika ndevu zake.

Akainua ya pili. Loise, aliyekuwa nyuma kabisa, akasikia vizuri sana. La tatu liliposomwa, watu wakageuka kutazama koti la Ignatius, na kicheko kikaanza chini chini. Kipara cha Emukule kilipoinuliwa juani, kidogo, cheupe, kinang'aa, baraza zima lilivunjika mbavu. Wanawake walilala nyasini. Roselyn alisimama na chupa mkononi, akitabasamu bila kujua kwa nini.

Chifu alingoja watu watulie. "Ajiko. Simama."

Ajiko akasimama.

"Ulikuwa ukifuata nini pangoni mpaka ukavizoea hivyo?"

"Nilikuwa naenda kuomba, chifu."

"Kuomba!" Omuse akafoka. "Huku unanitukana?"

"Nilikuwa nawataja katika maombi, mzee. Ndiyo maana majina yenu yalikuwa mdomoni."

Kicheko kikarudi upya. Emukule akavua kofia, akajipapasa kichwa, akamgeukia Roselyn. "Hicho cha kwangu kina sumu?"

"Hapana, mzee. Hakina madhara yoyote."

"Afadhali. Haya, mmesikia." Naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo. Lakini kwa usalama wa wananchi akaamuru mlango wa pango uzibwe kwa miiba, na miiba hiyo aikate Ajiko.

Akaikata. Kwa panga lake mwenyewe alizibia ndani unga wake mwenyewe, askari wakimtazama, na ilimbidi aimbe wimbo wa kanisa ili asilie. Roselyn aliporudi Nairobi alimwachia vile vitambaa na kumwomba radhi mara nyingi. Ajiko akamwambia hajawahi kufurahi namna ile tangu azikwe mumewe.

Loise alimnunia mpaka mavuno. Kisha akaja asubuhi moja na jembe begani, bila salamu, akauliza shimo la unga linachimbwaje, maana masikio yake yalikuwa yameshalisikia hata hilo. Walilichimba nyuma ya zizi la Loise, wakagawana kazi. Wanywaji walilalamika kwamba ajono haina ladha ile ya zamani. Loise alitaka kujua kwa nini, na Ajiko akamwambia ni wimbi la mwaka huo, mvua ilichelewa; pango hakulitaja. Wakati mwingine, akipita chini ya kilima jioni, alisimama kidogo mbele ya miiba kutazama popo wakitoka, kikapu kikiwa tupu kichwani, kisha akaendelea na safari yake kwenda kwa Loise, ambako moto wa kukaangia unga ulikuwa umekwisha kuwashwa.