Presha ya Bi Hosiyat

Ukuta wa udongo kati ya ua wangu na ua wa Hosiyat ulikuwa mfupi, na tukisimama sote wawili tulionana kuanzia mabegani kwenda juu. Tulizungumza hivyo miaka yote, mimi nikichambua aprikoti za kuanika, yeye akiwasha tanuri. Mumewe alifariki mwana wao Ilhom akiwa hajajua kusoma, na tangu hapo mama huyo alimlea mwanawe kwa mkate. Mtaa mzima ulikula mkono wake. Hakuna harusi iliyofanyika kwetu mjini Konibodom, upande huu wa mfereji, bila mikate ya Hosiyat, ya duara, yenye alama ya muhuri katikati na ufuta juu.

Alikuwa na mikono myekundu isiyo na unywele hata mmoja, maana kila siku iliingia mdomoni mwa tanuri kubandika mikate kwenye kuta zake za ndani. Gunia la unga alilibeba mwenyewe. Ugonjwa aliuona ni tabia ya watu wavivu.

"Mimi kitandani nimelazwa kwa uzazi tu," alikuwa akiniambia, "na huo wenyewe ni mmoja."

Ilhom alipokua akaenda Urusi kujenga majumba, kama wana wetu wote. Akamwachia mama yake mke, Robiya, binti wa kijiji cha juu huko Isfara, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Sauti ya mavyaa wake haikuhitaji kusogelewa. Kuanzia alfajiri tulikuwa tukiisikia: "Robiya, maji! Robiya, unga! We mtoto, unatembea au unaupima ua?" Hakuwa mkatili. Hakuwahi kumpiga wala kumnyima chakula, na Robiya alipopata mimba, kipande cha nyama kilichonona kilitua bakulini mwake bila neno. Lakini ulimi wake ulikuwa na miiba, na Robiya alijifunza kuinamisha kichwa.

Ilikuwa kwa sababu ya mimba hiyo presha ikajulikana. Hosiyat alimsindikiza mkaza mwana wake zahanati. Muazzam, nesi wetu, alipomaliza na Robiya akamwambia mama mtu naye anyooshe mkono, maadam yupo. Akafunga mkanda, akapuliza, akasoma. Akaufungua, akaufunga mkono wa pili.

"Mama, kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma nikiona huyu anavyokanda unga."

"Mimi sitanii, mama. Presha yako imepanda vibaya, mia mbili na zaidi. Wenye presha kama hii huwa naletewa wamebebwa."

"Mimi nimekuja kwa miguu yangu. Basi mashine yako ndiyo mgonjwa, ipe dawa."

Robiya ndiye aliyenisimulia hayo, baadaye sana. Alisema Muazzam hakucheka. Alimpa vidonge, akamwambia ameze kimoja kila asubuhi, kichwa kiume kisiume, na asiache mpaka aambiwe. Apunguze na chumvi.

Sasa, kwetu asubuhi ni chai iliyochemshwa na maziwa, chumvi na siagi, ukivunjia mkate ndani mpaka bakuli lijae. Ukimwambia mtu wa kwetu apunguze chumvi, ni kama umemwambia aiache asubuhi yenyewe. Hata hivyo Hosiyat alimeza vidonge wiki kadhaa. Yale maumivu ya kisogo, ambayo miaka yote aliyasingizia joto la tanuri, yakaisha. Siku hiyo alichungulia juu ya ukuta, uso umemng'aa.

"Nimepona," akasema. "Vidonge nimeviacha."

"Nesi kakwambia umepona?"

"Kichwa changu nimwulize nesi?"

Oyniso wa nyumba ya tatu alikuwa amekuja kuchukua mkate wake. Oyniso ni mtu mwema, lakini hana jambo asilolijua. "Umefanya vizuri kuviacha, shoga," akasema. "Ukivizoea mwili unalegea. Shangazi yangu alivimeza, na akafa vilevile."

"Alikufa kwa presha?" nikamwuliza.

"Alikufa kwa uzee. Alikuwa na miaka tisini."

Tukacheka sote watatu. Vidonge vikawekwa juu ya rafu, pembeni ya buli, vikawa vya kumezwa siku kichwa kikigonga tu.

Robiya alivihesabu kwa macho, na hofu ikamwingia. Kwa kuwa hakuweza kumwamrisha mavyaa wake, alitafuta njia ya kimya: akawa anapunguza chumvi katika chai kidogo kidogo. Asubuhi moja Hosiyat alionja, akanyanyua bakuli, akaimwaga chai yote uani mbele ya miguu ya Robiya.

"Haya maji ya kuoshea vyombo umempikia nani?"

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi amekuoa? Nyumba hii ni ya nesi?"

Jioni Robiya alimpigia simu mumewe. Nilimsikia kwa kuwa alijificha nyuma ya ukuta wangu ili azungumze. Ilhom alikuwa juu ya jengo, upepo unavuma kwenye simu, naye akipaza sauti hata mimi nikamsikia. "Usigombane naye, Robiya," alisema. "Ni mama. Mwache ale anachotaka, amehangaika sana." Robiya akafunga simu, akajipangusa uso, akaingia ndani kubandika chai nyingine, yenye chumvi.

Mtoto alizaliwa, wa kike, wakamwita Anzurat. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Hosiyat akiimba. Alikuwa akimfunga mjukuu kwa vitambaa, kama desturi yetu, kwenye kitanda cha kubembea, anaimba kwa sauti ileile ya kuamrisha, mtoto analala kwa hofu.

Kiangazi kilichofuata Oyniso akawa anamwoza binti yake. Mikate iliyotakiwa ilikuwa mingi, nasi tulikuwa katika joto lile ambalo hata kuku hawatoki kivulini. Niliamshwa na moshi wa tanuri, nikatoka nikamwona Hosiyat ameinama mdomoni mwa tanuri, kitambaa kimelowa jasho. Nikamwambia apumzike. Akaniambia harusi haipumziki.

Jua lilikuwa bado halijapanda juu ya ile miti mirefu ya mipopla. Nilisikia Robiya akipiga kelele, na kwa kuwa sikuwahi kumsikia akipiga kelele, nilipanda ukuta kama mbuzi. Hosiyat alikuwa ameshika mkate wa kubandika, mkate ukamtoka ukaangukia makaani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukining'inia ndani ya tanuri, wala hautoi. Alikuwa akiutazama tu, kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Kisha akaanza kuinamia moto. Robiya alimrukia, akamshika gauni kwa nyuma, akamvuta, wakaanguka wote wawili chini. Nilipofika, mdomo wa Hosiyat ulikuwa umeenda upande. Mkono ulikuwa umeungua mpaka kiwikoni, naye halii.

Nikasema gari. Robiya akasema hospitali, safari hii kwa sauti ya kusikika. Lakini Oyniso alikwisha fika, na nyuma yake wanawake wote waliokuja kusaidia harusi.

"Msimtikise! Huo ni upepo," Oyniso akasema. "Amepigwa na upepo mbaya. Hospitali watamchoma sindano, upepo utafungiwa ndani. Mwiteni yule mama wa kisomo."

"Ni kiharusi, dada," nikasema. "Mtazame mdomo."

"Na wewe ulisomea wapi udaktari, penye aprikoti?"

Robiya alikuwa amempakata mavyaa wake, anatuangalia sote kwa zamu. Alikuwa mdogo kuliko sisi sote, na kwetu mkaza mwana hawi wa kwanza kusema wala wa mwisho. Akamfunika mama shuka, akangoja. Mama wa kisomo akaletwa, akasoma, akapuliza, akamchinjia kuku mweusi, akamtoboa vidole kwa sindano damu itoke. Adhuhuri ikapita. Alasiri Hosiyat akaanza kutapika, na hapo Robiya aliinuka, akaenda barabarani bila kitambaa kichwani, akasimama mbele ya gari la kwanza lililotokea.

Hospitalini daktari, kijana aliyechoka, aliuliza ameanguka saa ngapi. Robiya akamwambia kweli. Daktari akasema, "Mngekuja mapema." Aliuliza pia kama alikuwa akimeza dawa za presha, na Robiya akajibu, "Kichwa kikimwuma." Yule daktari akafumba macho, akaandika.

Harusi ya binti wa Oyniso ililiwa mikate ya kununua sokoni.

Hosiyat alirudi nyumbani upande wa kulia ukiwa umekufa. Na maneno yalikuwa yamemtoka yote isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "ndoo". Kwa nini ndoo, hakuna aliyejua. Akitaka maji, ndoo. Akitaka kugeuzwa, ndoo. Mjukuu akiletwa alimpapasa uso kwa mkono mzima, anasema, "Ndoo, ndoo," machozi yanamtoka kwenye jicho moja. Mwanzoni Robiya alikuwa akimletea ndoo kweli, naye anaisukuma kwa hasira. Mimi kuna siku nilicheka, nikashindwa kujizuia, na Hosiyat akacheka pia, kwa nusu ya uso. Kisha kicheko kikageuka kilio, nacho hakikukoma upesi.

Robiya alimwogesha, alimgeuza, alimlisha kwa kijiko. Muazzam alikuja kumfundisha namna ya kuunyoosha mkono uliokufa, kidole kwa kidole. Robiya akabuni la kwake: alikuwa akimwekea donge la unga kwenye kiganja kile ili akande. Vidole havikukanda. Lakini mkono wa kushoto ulikuja wenyewe, ukalichukua donge, ukalifinyanga duara zuri kabisa, kisha ukamrudishia Robiya. Ulikuwa ukifanya hivyo kila asubuhi. Robiya sasa ndiye aliyepika mikate ya mtaa, na ile ya kwanza ilikuwa imepinda na kuungua pembeni. Tuliinunua hivyo hivyo.

Ilhom alikuja majani yalipokuwa yakianguka. Alileta mashine ya kupimia presha, ya betri, na koti la manyoya kwa mama yake. Mama alipomwona alinyoosha mkono wa kushoto, akasema neno lake. Ilhom alitoka uani, akasimama nyuma ya tanuri akiwa ameipa nyumba kisogo. Hakukaa sana. Siku ya kuondoka alimwambia mkewe, "Hukunieleza kuwa amekuwa hivi."

"Nilikueleza," Robiya akasema. "Ulikuwa juu ya jengo."

Sijui kama alimwelewa.

Vidonge sasa Robiya alivisaga na kumlisha mwenyewe, kila asubuhi, na chai haikuwa na chumvi. Hosiyat hakuizoea. Alikuwa akifunga mdomo, anatema, siku nyingine anaupiga mkono wa Robiya mpaka bakuli linaruka. Kuna asubuhi nilipeleka mtindi nikawakuta wote wawili wameloa chai, wanalia. Robiya alinitazama.

"Dada, ninamnyima kitu kimoja tu anachokitaka duniani," akasema. "Na yeye anadhani ninalipiza kisasi."

Nilimwambia mama hawezi kudhani hivyo. Lakini sikuwa na hakika, na Robiya aliliona hilo usoni mwangu.

Kiharusi cha pili kilikuja majira ya baridi, usingizini, na hakikuacha hata lile neno moja. Alikoroma siku nzima akiwa ameshikwa mkono na Robiya, jioni akatulia. Ardhi ilikuwa imeganda, na wanaume walichimba kaburi kwa mtaimbo. Ilhom hakuwahi maziko, kwa kuwa ndege zilizuiwa na theluji.

Matangani wanawake walikaa wamejipanga ukutani, na baada ya sala wakaanza kunong'ona. Kwetu kunong'ona matangani ni kusema kwa sauti, ila umeinamisha kichwa.

"Masikini Hosiyat. Mwanamke aliyelisha mtaa mzima."

"Na mwisho wake akawa anakunywa maji meupe. Mkaza mwana alimnyima hata chumvi."

Aliyesema la pili ni Oyniso. Robiya alikuwa akipita na buli. Akasimama, buli mkononi. Nilidhani atamwaga chai ile juu ya mtu.

"Dada Oyniso," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini chumba kizima kilimsikia, "siku ile ya tanuri nilikusikiliza wewe. Nilikusikiliza kwa sababu ni mkubwa wangu. Chumvi nilimnyima, ndiyo. Wewe ulimnyima hospitali siku nzima."

Kisha akaendelea kumimina chai, kikombe baada ya kikombe, hata cha Oyniso. Oyniso hakukinywa. Alikaa na kikombe magotini mpaka kikapoa, akakiacha, akaondoka bila kuaga.

Sikumwona zahanati wala kusikia kama alikwenda kupimwa. Muazzam alipopita mtaani kabla ya sikukuu yetu ya mwaka mpya, inayoangukia mwanzo wa masika, tulijipanga wengi, na wengi presha zetu zilikuwa juu. Tukapewa vidonge. Mimi nameza vyangu. Jirani zangu wengine wamekwisha kuniambia kichwa hakiwaumi tena.

Robiya alimfuata mumewe Urusi pamoja na mtoto. Aliniletea ufunguo wa nyumba, akasema niwe naingia kumwagilia mzabibu. Alikuwa amekonda, na mikono yake sasa ilikuwa myekundu hadi kiwikoni. Nilimwuliza kama huko atapata tanuri. Akasema wataishi watu wanane katika chumba, jiko ni la umeme.

Tanuri limefunikwa kwa nailoni. Mvua za mwaka jana zililitia ufa. Mkate sasa tunanunua sokoni, na kufika nyumbani umekwisha poa.